Ukingoni mwa Sinia

Arobaini ya Bi Mwanahawa ilisomwa nyumbani kwake Majengo, hapa Songea, na mimi niliwahi kufika kwa sababu nilitaka kuingia jikoni kabla wengine hawajaingia. Nikakuta nimechelewa. Wajukuu zake walikuwa wameshika jiko tangu alfajiri, wanapikia uani kwenye masufuria makubwa ya kukodi, na waliponiona nimejifunga khanga kiunoni wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki. "Bibi Tekla, wewe leo pumzika, tunakupikia sisi." Nikakaa, nikavuta mdomo. Nilimwona mmoja wao akikata kwa meno pakiti ya viungo vilivyosagwa na kuimwaga yote kwenye mafuta yanayofuka moshi, nikageuza uso nisije nikasema neno msibani. Ni watoto wazuri, na pilau yao ililika. Ila bibi yao angekuwa hai, ile pakiti ingerudi dukani ilikotoka, na aliyeitoa angeifuata. Nilipogeuza uso ndipo nikaona upande wa wanaume, chini ya turubai, mzee mrefu ameweka kofia yake gotini, mgongo umenyooka kama anasubiri kuitwa ofisini. Sikuhitaji kuuliza mtu. Mvi zilikuwa mpya kwangu, lakini ule mgongo niliujua. Anaitwa Otmar, na kwa mwaka mmoja wa ujana wangu niliamini kwamba ndiye nitakayezeeka naye.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka Mpitimbi kuja mjini kujifunza ushonaji kwa Mzee Salum, mume wa Bi Mwanahawa. Walikuwa watu wa Tunduru, Wayao, wamehamia Songea na cherehani na ukimya wa watu waliopendana muda mrefu. Watoto wao wa kike walikuwa wameshaolewa mbali, wa kiume walikuwa Dar es Salaam wanatafuta maisha, kwa hiyo nikawa mtoto wa nyumba ile bila mtu yeyote kutangaza. Nilipewa chumba cha uani kilichopakana na jiko. Ukuta uliotutenganisha haukufika juu, ulikoma kimo cha mtu, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati. Moshi, harufu na maneno vyote vilipita hapo. Asubuhi nilijua chai imetiwa iliki au tangawizi kabla sijafumbua macho, na jioni nilijua Mzee Salum ameudhiwa na mteja gani, maana alikuwa akija kukaa kwenye kigoda karibu na moto na kumsimulia mkewe mambo ya dukani kwa sauti ya chini, akidhani mimi sisikii. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu hapo, nyingine zina dari na vigae. Hakuna chumba ninachokiota ila kile.

Chakula cha kwanza nilichokula pale kilinitia aibu ambayo bado naichekea. Kwetu tulikula ugali na likolo, mboga yetu ya majani ya maboga, siku nzuri tukapata dagaa wa Nyasa, na chakula kilikuwa na chumvi au hakina. Pia tulifundishwa kwamba ukiwa ugenini, kilichoingia kinywani hakitoki. Kutema chakula mbele ya aliyekipika ni sawa na kumtukana. Sasa siku hiyo Bi Mwanahawa alipika pilau, tukala sinia moja yeye na mimi, na mimi nikakutana na kitu kigumu chenye kichwa, nikakitafuna. Ulimi ukafa ganzi. Nikajikaza kisabuni, nikameza. Nikakutana na kingine cha kijani chenye mbegu ndani, nikameza. Nikakutana na kipande cha gome, nikakitafuna mpaka kikawa nyuzi, nikakishusha kwa maji huku machozi yananilenga. Bi Mwanahawa alikuwa akila polepole, na kila alichokutana nacho alikitoa kwa ncha za vidole na kukiweka kwenye ukingo wa sinia, upande wake, kikae hapo. Mwishoni akautazama upande wangu. Ukingo ulikuwa mtupu.

"Tekla, viungo vyako viko wapi?"

"Nimekula, mama."

"Umekula karafuu?"

"Nimekula vyote."

Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita mumewe aje aone mtu aliyekula mti. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Mwanangu, hivyo vilishamaliza kazi yao kwenye sufuria. Havina tena cha kukupa. Ukikutana nacho, kitoe, weka hapa pembeni, wala usione haya. Humu ndani hatuoneani haya kwa mambo ya kinywani. Kitu kigumu kikikukaba, haya itakusaidia nini?" Tangu siku hiyo tulikuwa na mchezo wetu. Aliyepata ganda la mdalasini ndiye aliyeondoa vyombo, na nina uhakika alikuwa akinisogezea kwa makusudi.

Jikoni mwake ndimo nilimosomea, ingawa cheti nilipata cha ushonaji. Alikuwa haamini kiungo mpaka akivunje. Mdalasini aliukata kati, akaunusa, na ukinuka stoo aliutupa wote, hata ule uliokuwa mzuri pembeni yake, kwa sababu, alisema, ukungu haufi kwa kuchemshwa, unajificha tu. Binzari nyembamba aliimwaga kwenye ungo na kuichambua kwa mikono miwili, vijiwe huku, vijiti huku. Iliki aliipasua mdomo kidogo kabla haijaona mafuta, isije ikapasukia usoni kwa mpishi. Mafuta yakianza kutoa moshi aliepua sufuria akasubiri, wala hakuwa na haraka, akatia viungo pembeni akiwa ameshika kifuniko mkono wa pili, amesimama nyuma kidogo. Nilikuwa nikimcheka anavyosimama hivyo, mpaka siku karafuu iliporuka na kunichoma chini ya jicho. Kungumanga aliiweka mbali na vyote, imefungwa, na aliparuza kidogo sana kwa ncha ya kisu. Mtoto wa dada yake aliwahi kuitafuna nzima akidhani ni karanga kubwa, wakampeleka hospitali ya Mbesa akiwa anaongea na watu wasiokuwepo. Alipona. Bi Mwanahawa alikuwa akilisimulia hilo kwa sauti ileile kila mara, na kila mara alimaliza kwa kupapasa kopo la kungumanga kuhakikisha limefungwa.

Kulikuwa na kitambaa pia. Kilikuwa kipande cha pamba cheupe alichokichemsha na kukianika baada ya kila kazi, na humo alifunga viungo vyote kwa uzi mrefu, akalizamisha lile furushi kwenye mchuzi na kuning'iniza uzi nje ya sufuria. Chakula kikiiva anavuta, vyote vinatoka kwa pamoja, hakuna kinachobaki cha kumkaba mtu. Hivyo ndivyo alivyowapikia watoto wa majirani, na bibi mmoja wa nyumba ya tatu asiye na meno, na mtu yeyote aliyetoka homani. Kwa wengine hakukitumia. Pilau ambayo huioni iliki yake aliiita wali wa hospitali. Alikuwa na kiburi kidogo katika jambo hilo, na mimi nilikipenda kiburi chake, kwa sababu kilikuwa ndicho pekee alichokuwa nacho.

Otmar aliingia katika nyumba ile akibeba mbao. Alikuwa fundi seremala kijana kutoka upande wa Namtumbo, baba yake analima tumbaku na mahindi, na Bi Mwanahawa alimwita amtengenezee rafu ya makopo ya viungo, iwe juu ya moto lakini mbali na mvuke. Kazi ya siku moja ilichukua wiki mbili. Mara kipimo hakikukaa sawa, mara misumari si yenyewe, mara amekuja tu kuangalia kama mbao imepinda. Mzee Salum alisema jioni moja pale kwenye kigoda, nami nasikia kutoka chumbani kwangu, "Huyu fundi ama hajui kazi ama anaijua sana." Bi Mwanahawa akamjibu, "Anaijua. Hukuona anavyopiga msumari mmoja halafu anamtazama Tekla?" Nilijifunika shuka usoni nikiwa peke yangu, kama vile wanaweza kuniona. Siku rafu ilipokwisha alikaribishwa kula, na yeye pia alitafuna karafuu, nikaona taya zake zinavyosita. Nikamwonyesha kwa kidole ukingo wa sinia. Aliitoa, akaiweka pale, akanitazama. Watu huniuliza nilimpendea nini marehemu mume wangu, na nina majibu mengi ya kweli, maana alikuwa mtu mwema. Kwa Otmar sina majibu. Aliweka karafuu kwenye ukingo wa sinia, basi.

Mambo yakaenda yanavyokwenda. Alisema nyumbani kwao, nami nikatuma salamu Mpitimbi kwa mjomba wangu aliyekuwa na kauli juu yangu. Mjomba akajibu kwamba kwa mara ya kwanza wageni wafikie hukohuko mjini kwa watu ninaokaa nao, waonane, waseme lililowaleta, kisha yeye atawapokea kwa hatua inayofuata. Bi Mwanahawa aliposikia kwamba ndiye atakayewapokea wakwe, alikaa chini. Alikuwa Mwislamu, mimi Mkatoliki, si damu yake, na bado ameaminiwa ugeni huo. Alifua mapazia yote ya nyumba. Alimtuma mtu Tunduru amletee mdalasini wa dukani kwa mjomba wake, akidai wa Songea umechoka. Siku yenyewe, tulipokuwa tunachambua mchele, nilimwuliza kama tutumie kitambaa, kwa sababu wazee wa kwetu hawajazoea.

Alifikiri. Nasema hivyo kwa haki yake, maana baadaye alijisema kwamba hakufikiri. "Mwanangu, wakwe wanakuja wageni mara moja tu maishani," alisema. "Nikiwafungia viungo wakala wali mweupe wenye harufu, watasema mama yule ametunyima, au ametuona wagonjwa. Waache waone tulichowatilia." Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa anapiga kanzu pasi. "Wewe utakaa nao. Uwaambie, vigumu wanaweka pembeni."

"Nitawaambia," alisema Mzee Salum.

Walikuja Otmar na baba yake, Mzee Alfonsi, mtu mwembamba aliyevaa koti zito juani, na mjumbe wao mmoja aliyekuwa mkimya siku nzima. Kwa desturi wageni wanakula kwanza, neno linafuata. Wanaume wakakaa ukumbini kwenye mkeka, sinia katikati, sisi wanawake tukabaki nyuma ya pazia la mlango. Nilisikia bismillahi ya Mzee Salum na ishara ya msalaba ya wageni ikinong'onwa kwa pamoja, nikaona raha. Nikasikia wanaongea habari za tumbaku, mvua ilivyochelewa, nguruwe pori walivyoingia shambani. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama kando yangu, sikio kwenye pazia, anasubiri kusikia mumewe akisema vigumu wekeni pembeni. Hakusema. Baadaye alinieleza, maskini, kwamba neno lilimfika kwenye ulimi akaliona zito. Mzee mwenzake, mkubwa kwake kwa umri, amekuja kuposa, naye aanze kumfundisha kula. Akaona mzee mwenyewe ataona wengine wanavyofanya. Lakini siku hiyo kila mtu alikuwa anakula kwa adabu, macho yameinamia kwake, na hakuna aliyeangalia vidole vya mwenzake.

Nikaitwa nipeleke maji. Nikaingia na jagi na bakuli, nikapiga magoti mbele ya Mzee Alfonsi kama nilivyofundishwa, macho chini. Sasa kwetu, baba mkwe na mkamwana wake hawaangaliani midomo. Mzee hatoi kitu kinywani mbele ya mke wa mwanawe, hata kama ni mfupa, hata kama ni jiwe. Mimi niliona kidevu chake tu. Kilikuwa kinatafuna, kikasimama, kikajaribu tena upande wa pili, kikasimama. Nilijua kilichomo. Nilijua pia kwamba mimi ndiye ninayemzuia kukitoa, na nikataka kunyanyuka niondoke, lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa juu ya bakuli, ningeliondoaje? Kisha kidevu kikapanda juu, akameza.

Hakukohoa. Watu wanadhani aliyekabwa anapiga kelele. Alinyamaza tu, akashika koo kwa mkono wenye maji, macho yakamtoka. Mjumbe akasema mpeni maji, Mzee Salum akanyakua jagi kwangu, na hapo pazia likafunguka. "Msimpe maji," alisema Bi Mwanahawa. Alivuka mkeka na viatu vyake, akamshika mkwe wangu kifuani kwa mkono mmoja, akamwinamisha mbele, na kwa kiganja cha mkono wa pili akampiga katikati ya mabega. Hakikutoka kitu. Akapiga tena, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, na tena, mpaka kile kipande cha mdalasini kikatoka na wali na kuanguka kwenye mkeka, mbele ya magoti yangu. Mzee Alfonsi akavuta pumzi kwa sauti mbaya, akavuta nyingine. Otmar alikuwa amepiga magoti nyuma ya baba yake, mikono hewani, hajui pa kuiweka. Alisema "Dadi, dadi," jinsi anavyoitwa baba kwao, mara nyingi, kama mtoto mdogo.

Baada ya kutulia mzee alimshukuru Bi Mwanahawa vizuri sana. "Asante, mama. Umenirudisha." Hakuinua macho. Alijifuta, akaomba kofia yake, akasema hajisikii vizuri, mazungumzo wataendeleza. Wakamsindikiza mpaka barabarani. Neno lililowaleta halikusemwa. Mimi nilibaki na nguo nikifuta mkeka, nikijiambia kwamba mradi mzee yuko hai, mengine yatakuwa sawa.

Jioni hiyo nilisikiliza juu ya ukuta kuliko siku zote. "Nimetaka kumuua mkwe wa mwanangu kwa kutaka sifa," Bi Mwanahawa alisema. Mumewe akamwambia hapana, kosa ni lake yeye aliyenyamaza. Wakagombania kosa hilo muda mrefu, kila mmoja analivuta kwake. Kisha Bi Mwanahawa akasema, "Nitume mtu Namtumbo, akaniombee radhi?" Na Mzee Salum, ambaye sijawahi kumjua mtu mpole kama yeye, akasema lile ambalo ningeweza kuruka ukuta kulizuia. "Upande wa mwanamke haupeleki mtu, Mwanahawa. Ukituma, utamshusha binti. Watasema tunamlazimisha. Watarudi wenyewe." Nikasikia makopo yakipangwa upya kwenye rafu ya Otmar, moja moja.

Hawakurudi. Mvua zikaisha, tumbaku ikavunwa, ikakaushwa, ikauzwa, wakulima wakaja mjini kununua nguo, na kila mteja aliyetoka Namtumbo nilimpima nguo polepole nikidhani ataniambia kitu. Tangu siku ya wageni wale, Bi Mwanahawa alifunga viungo kwenye kitambaa kwa kila mgeni, mkubwa kwa mdogo, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha wali wa hospitali. Otmar alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akauliza hali ya Bi Mwanahawa, hali ya Mzee Salum, hali ya kazi. Nikamwuliza mzee hajambo, akasema hajambo, anawasalimu. Nikamwambia karibu ndani. Akasema hapana, anapita tu. Tulisimama hivyo, yeye upande wa nje wa kizingiti na mimi wa ndani, na kila mmoja wetu alikuwa amelelewa vizuri. Nilitaka kumshika shati. Nilitaka kumwuliza, mnanitaka au hamnitaki? Nilimwambia awasalimie wote. Habari za kuoa kwake tulizipata mwaka huo haujaisha. Bi Mwanahawa aliniambia tukichambua binzari kwenye ungo mmoja, hakuacha kuchambua, na mimi sikuacha, na sikuona hata kijiwe kimoja, macho yalijaa maji.

Niliolewa baadaye, nikakaa Mbeya na mume wangu, nikazaa, nikamzika, nikarudi Songea. Sikuishi maisha ya huzuni, na sitaki mtu anayesoma hapa anionee huruma. Nimecheka sana. Lakini kuna mambo ambayo mwili unayatunza bila ruhusa. Nikitia mdalasini kwenye mafuta na harufu ikapanda, kuna sekunde ambayo nina miaka ishirini na kitu, yuko mtu anapiga msumari ukutani, na ninajua kwamba akimaliza atageuka. Nimeificha sekunde hiyo kwa mume, kwa watoto, kwa padre. Wanangu wananishangaa ninavyosimama jikoni na kifuniko mkononi, nimefumba macho. Wanadhani naogopa mafuta.

Baada ya hitma watu walipoanza kutawanyika, alinijia. Tulisalimiana kwa mikono miwili. Alikuwa na mikono ya seremala bado, migumu, kidole kimoja kimepungua ncha. Tukakaa ngazini kwa nyuma, karibu na jiko la zamani ambalo sasa ni stoo ya mkaa. Akaniambia mkewe anaumwa miguu, asingeweza safari. Nikamwambia nimefiwa. Akasema alisikia, akanipa pole. Kisha tukanyamaza, na mimi nikaona kwamba tunaanza tena ule unyamavu wetu wa kizingitini, nikaukasirikia. Nina umri mkubwa mno wa kuwa na adabu namna ile.

"Otmar, mbona hamkurudi?"

Aligeuza kofia kwa vidole. "Baba alisema hatuwezi kurudi mpaka mtuite. Alisema ametapika mbele ya mkamwana wake, amewachafulia nyumba. Mwenye kuchafua hajirudishi mwenyewe, anasubiri wenye nyumba waseme wamemsamehe. Tulisubiri mtuite, Tekla. Kila mtu aliyetoka Songea alimuuliza, hakuna salamu za Majengo? Mpaka akaona tumekataliwa, akanitafutia mwingine."

"Sisi tulisubiri mrudi," nilisema. "Bi Mwanahawa amekufa akidhani mlimwona alitaka kumuua mzee."

"Baba alimwombea kila siku mpaka anakufa. Alimwita 'mama aliyenipiga'." Alitabasamu kidogo, tabasamu likapotea. "Na mimi nilijua, unajua? Siku ile nilimwona anatafuna, nikajua ni kiungo, nikajua kinawekwa pembeni, wewe ulishanionyesha. Ningesema neno moja. Nilishindwa kumfundisha baba yangu kula mbele za watu."

Simu yake ikaita. Alikuwa binti yake, anataka kujua kama amepata gari la Namtumbo maana mama anauliza. Akasema anakuja sasa hivi. Alisimama kwa shida, akishika ukuta, akavaa kofia, kisha akaivua tena.

"Ungekubali?" aliniuliza. "Tungesema lile neno siku ile, ungekubali?"

"Ningekubali," nilimwambia. "Kabla hamjanawa mikono."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo alichokuwa akikikadiria siku zote na kukuta hakukosea. Akaniaga. Nilimtazama akikatiza uani, akipisha masufuria, akiwashukuru wajukuu wa Bi Mwanahawa mmoja mmoja kwa chakula. Nina mvi kichwa kizima, nina wajukuu, nimemzika mume niliyemheshimu, na nilikaa pale ngazini nikimtaka yule mzee arudi.